Jiwe Lililojifanya Msingi

Tarehe 11 Februari

Mama mdogo,

Shikamoo. Mwalimu wa lugha anasema barua ianze na salamu, ifuate hali ya waliobaki nyumbani, na dhumuni lije mwisho. Salamu nimemaliza. Hali ya nyumbani: Bibi hajambo, mimi sijambo, bomba la bafuni bado linavuja, na ukuta wa nyuma ya beseni umeota ukungu mpaka usawa wa kiuno changu. Fundi cherehani jirani anakusalimu. Alishona mapazia ya ofisi fulani wakayarudisha kwa kuwa ni mafupi, ameyatundika yote kwake. Dirisha moja, mapazia manne. Anasema jua likitaka kuingia lipige hodi.

Dhumuni sasa. Jana kwenye jiografia mwalimu alichora tabaka za ardhi ubaoni. Chini kabisa akaandika mwamba wa msingi, akapiga mstari mzito, akasema chini ya hapo hakuna mafuta, mchimbaji akigonga msingi anafunga virago. Nikakumbuka ulivyoniambia ukifunga sanduku, kwamba safari hii mnayatafuta ndani ya msingi wenyewe. Nikanyoosha mkono. Mimi, mama mdogo! Mwalimu akasema, "Ndiyo, wewe wa pembeni," darasa zima likageuka. Swali nilikuwa nalo kichwani kwa lugha ya nyumbani, pale linatakiwa kwa lugha ya mtihani, na katikati ya safari likanidondoka. Nikasema, "Naomba kwenda nje." Walicheka mpaka kengele.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana kalamu hainigeukii kunitazama. Mafuta yanaingiaje kwenye jiwe lisilo na tundu? Na swali dogo: unarudi lini?

Mwanao.


Tarehe 2 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Watu huniuliza kwa nini nakuita jina la ndege asiyenyamaza, na wewe neno kulitoa kwako mpaka likokotwe. Nawaambia hawajasoma barua zako. Hii ya mwisho imefika na lori la chakula, imelala chini ya magunia ya vitunguu, kwa hiyo nimeisoma nikilia kama mtu aliyefiwa. Mchimbaji mkuu, yule tunayemwita Nyundo, akachungulia mlangoni: "Mama Mawe, kuna msiba?" Nikamwambia ni vitunguu. Hakuamini.

Mama, huyo bibi yako, anakula vizuri? Analala? Mwambie nimeuliza.

Mwalimu wako hakukosea sana, anafundisha kama sote tulivyofundishwa. Itale, lile jiwe gumu la madoadoa, lilizaliwa chini sana, kwenye joto, likapoa polepole, chembe zikabanana hata maji hayapati pa kupenya. Lakini mabamba ya dunia hayatulii. Yaligombana, yakalisukuma jiwe letu juu likawa mlima, na jiwe likisukumwa halipindi kama kinyunga cha chapati. Linapasuka. Nyufa maelfu, nyingine nyembamba kama unywele, nyingine ungeingiza mkono. Hiyo ni kazi ya kwanza.

Ya pili ni ya mvua. Mlima umekaa wazi zama na zama, maji yanapita kwenye nyufa kama yanavyopita nyuma ya beseni letu. Humo jiweni mna madini yanayoitwa feldspa. Maji yakiyapata yanayageuza udongo laini, mengine yanayabeba kabisa, na zinabaki nafasi. Juu kabisa jiwe limeoza mno, limekuwa udongo unaoziba. Chini kabisa ni zima, halina nafasi. Katikati, lililopasuka na kuoza kiasi, ndiko tunakokutaka.

Halafu ardhi ikavutwa huku na huku, ikadidimia, mlima ukazama. Likaja ziwa juu yake, tope la ziwa lenye vijimea na vidudu vilivyokufa likaufunika. Mabondeni pembeni ya mlima tope hilo lilizikwa ndani zaidi, likapata moto, likatoa mafuta. Mafuta hupanda. Yakakuta ubavu wa mlima una nyufa, yakahamia, na tope gumu la juu likawa kifuniko. Kwa hiyo mafuta hayakuzaliwa jiweni. Ni wapangaji tu, jiwe ndiye mwenye nyumba.

Swali dogo: tukigusa jiwe zima bila kupata kitu, tunafunga, narudi.

Mama yako mdogo.


Tarehe 23 Machi

Mama mdogo,

Shikamoo. Bibi hajambo. Nilimsomea barua yako mara mbili, mara ya kwanza hakushika vizuri. Siku hizi anapenda kutembea, nami namfuata, ni mazoezi mazuri kwetu sote. Fundi cherehani ametengeneza komeo letu la mlango. Lilikuwa bovu tangu zamani, unakumbuka.

Nina muda mwingi wa kusoma hapa nyumbani. Nimechora mlima wako uliozama nyuma ya kalenda. Nimeupaka kalamu ya risasi kwenye ile sehemu ya katikati, nyufa zikatokea kama mishipa ya mkono wa Bibi anapoosha kikombe. Anaosha kikombe hichohicho mara nyingi, mama mdogo. Namwachia. Hakimdhuru mtu.

Sasa nataka kusema kitu na naomba usinichukie. Kila asubuhi nikifungua macho, kabla sijajua ni siku gani, naomba kisima chenu kiwe kikavu. Najua mmetoka jasho. Najua ukipata utakuwa mtu mkubwa na Nyundo hatakutania tena. Lakini wapangaji wakionekana kwenye hilo jiwe, mtachimba visima vingine, na vingine, na wewe utabaki hukohuko na vitunguu vyako. Kwa hiyo naomba nyumba iwe tupu. Nimeshindwa kuomba vingine.

Nimechoka kidogo tu. Ni hali ya hewa.

Mwanao.


Tarehe 14 Aprili

Chiriku,

Marahaba mwanangu. Sikuchukii. Ningekuchukia ningekuwa nimeanza na mimi mwenyewe.

Umeniandikia karatasi mbili na shule hukuitaja hata mara moja. Mwalimu wa jiografia kahama? Na hilo komeo, linafungwa kwa ndani au kwa nje? Nijibu.

Mimi usingizi umenikimbia. Chumba changu cha kazi ni kontena la bati lenye meza moja, hadubini na chekeche. Mtambo unakata chini, tope la kuchimbia linapandisha vipande, kijana ananiletea mfuko, naosha, nakausha, naangalia. Mfuko juu ya mfuko. Wiki nzima vilikuwa vyeupe na laini kama chaki iliyolowa, feldspa iliyooza, nikasema tumeingia kwenye paa la mlima. Juzi mtambo ukapunguza mwendo ghafla. Ukaanza kusaga. Vipande vikaja vya pinki, vigumu, vinametameta, havina ufa hata wa dawa. Nyundo akaja akaegemea mlango.

"Msingi huo, Mama Mawe?"

"Inaelekea."

"Inaelekea ni lugha ya benki. Nataka ndiyo au siyo."

Nikaangalia tena. Nikasema ndiyo, nikatia sahihi kwamba tumefika jiwe zima, na njiani tumepata harufu ya mafuta tu, hakuna cha kutekwa. Wanashusha vyombo vya kupima, kisha wanafunga kisima. Wiki ya pili ya Mei nitakuwa nyumbani.

Ombi lako limejibiwa, mwanangu. Lala.

Mama yako mdogo.


Tarehe 30 Aprili

Mama mdogo!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimeisoma barua nikiwa nimesimama, halafu nikakaa sakafuni palepale mlangoni. Bibi akakaa na mimi.

Nimesugua ukuta wa bafuni mpaka rangi yenyewe imetoka. Kitanda chako nimekianika godoro, mto nimeubadilisha na wangu kwa sababu wangu ni mnene. Fundi cherehani amenipa pazia moja kati ya manne, limefika nusu ya dirisha lako, tumecheka sana. Akasema, "Mwambie mama yako mdogo hiyo ni fasheni, miguu ya dirisha inapigwa upepo." Nimemwambia Bibi kila siku kwamba unakuja, maana kila siku kwake ni habari mpya na kila siku anafurahi upya.

Jana nimelala usiku mzima. Niliweka kiti mlangoni nikalala. Sikujua mwili unaweza kuwa mzito hivyo.

Maswali yako nitakujibu ukifika. Si ya kwenye karatasi.

Njoo salama.

Mwanao.


Tarehe 9 Mei

Mwanangu,

Barua yako ya furaha imenikuta mezani, na nimeikalia tangu juzi. Siji. Soma mpaka mwisho kabla hujaichana.

Wanaposhusha vyombo vya kupima, lazima shimo lizidi kidogo ili vyombo vipate pa kukaa chini. Kwa hiyo baada ya sahihi yangu Nyundo alichimba mita chache za nyongeza. Vipande vya nyongeza hiyo hakuna anayevitazama, kisima kimekwisha, watu wanafunga masanduku. Lakini mfuko uliletwa mezani kwangu kwa mazoea, na kwa mazoea nikauosha.

Ni vyeupe, Chiriku. Vimelainika. Nikaviweka chini ya taa ya zambarau, ile inayofanya mafuta yang'ae, vikang'aa manjano.

Chukua bonge la mkate ulichovye kwenye chai. Pembeni linalainika, katikati linabaki kavu. Ndivyo maji yanavyokula itale. Nyufa zinaukata mwamba mapande mapande, maji yanakula kila pande kuanzia pembeni, na katikati linabaki jiwe zima, la mviringo, kubwa kama nyumba pengine, limezungukwa na uozo pande zote. Mimi niligonga jiwe la namna hiyo. Lilijifanya msingi, na mimi nikalisadiki. Kwa kawaida ningesema tuchimbe zaidi tuhakikishe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili angesema hivyo. Sikusema. Nilikuwa na ile barua yako ya ombi mfukoni, na nilitaka liwe msingi.

Nilikaa na ule mfuko kutwa nzima. Ningeumwaga kwenye pipa, hakuna ambaye angejua, na leo ningekuwa njiani. Mkono ulikataa. Nikaenda kwa meneja wa kambi, nikamwambia sahihi yangu ni ya uongo. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa daraja alilokwisha kulivuka halipo. Nyundo yeye alisema tu, "Kumbe lile tope lililopungua halikuwa pampu. Kisima kilikuwa kinakunywa." Maana penye nyufa tope letu la kuchimbia huingia lisirudi, naye aliona linapungua, akanyamaza kwa kuwa mimi nimesema ndiyo.

Wanaendelea kuchimba. Nimeambiwa nilichovuruga nikinyooshe mwenyewe, nibaki mpaka mwisho, miezi mitatu au minne. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu ni ninyi wawili. Hilo ndilo linaloniuma. Nimekosea mimi, unakula wewe.

Mwombe Mama anisamehe. Mwambie taratibu.

Mama yako mdogo.


Tarehe 1 Juni

Mama mdogo,

Shikamoo.

Barua yako imechukua muda kufika. Wiki ile ya pili ya Mei yote tulivaa vizuri. Kila gari likisikika nilikuwa naweka maji ya chai jikoni, likishapita nazima. Bibi akichoka kukaa sebuleni namwambia bado kidogo. Wiki ya tatu nikamvalisha nguo za kawaida.

Nilitaka kuichana barua yako kweli. Nikaisoma tena kwenye ile sehemu ya mkate, nikashindwa. Sijui ningefanya nini na ule mfuko. Nafikiri ningeumwaga. Nimekaa nikijiuliza kama mimi ni mtu mbaya, halafu Bibi akafungua mlango ikabidi nikimbie, jibu nikaliacha.

Umeniambia ukweli wa jiwe lako, na wangu huu. Bibi si hajambo. Nilikuwa naandika hajambo kwa sababu ndivyo barua zinavyoanza, na nikishaliandika nashindwa kulifuta. Sikuacha kwenda shule kwa kupenda. Mwezi wa pili mwishoni nilirudi nikakuta mlango wazi, Bibi hayupo. Fundi cherehani alimkuta karibu na kituo cha mafuta, hana viatu, anamwuliza kila mtu njia ya nyumba ambayo sote hatuijui, nafikiri ni nyumba aliyozaliwa. Tangu siku hiyo sijaenda shule. Komeo linafungwa kwa nje nikienda sokoni. Uliuliza, nimejibu.

Barua yako ya kwanza niliposema hakushika vizuri, aliisikia vizuri sana. Alisema, "Huyu mwanamke anajua mawe. Ni nani?" Nikamwambia ni mwanao. Akasema hana mtoto, yeye bado yuko kwa wazazi wake.

Na mimi ananiona dada yake mkubwa. Yule aliyefariki wewe hujazaliwa. Mwanzoni nilimsahihisha. "Bibi, ni mimi, mjukuu wako." Alilia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Sasa simsahihishi. Asubuhi anaamka, anaketi ukingoni mwa kitanda, anajifunga kitambaa kichwani, anainamisha kichwa, ananiambia mimi, "Shikamoo, dada." Bibi yangu. Ananiamkia mimi.

Nami naitikia, mama mdogo. Nasema marahaba. Nisipoitikia hanywi uji. Kila nikisema naona kama nimemwibia kitu, kama nimepanda kiti cha mtu mzima nikavua viatu. Sijamwambia mtu. Hata fundi. Anafikiri nimeacha shule kwa uvivu, ameniambia mtoto wa kike akae darasani, nikasema ndiyo.

Shuleni walikuwa wananicheka kwamba sina sauti. Hapa nyumbani sauti yangu imekuwa ya mtu aliyekufa.

Sikulaumu. Umesema ukweli na ukweli ni mzuri. Ila usiniambie tena nilale.

Mwanao.


Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya kontena, nikaisoma tena, kisha nikaenda kwa meneja na vumbi langu hivyohivyo. Nikamwambia mara ya kwanza nilikuja na ukweli wa mwamba, leo nimekuja na wangu. Mama yangu mzazi hanijui, na mtoto wangu anamlea peke yake.

Akasema pole, lakini mkataba ni mkataba. Nikiondoka kabla kisima hakijafika chini, sina pa kurudi. Na baada ya ile sahihi, mjini kwenye kampuni nyingine nani atanipokea? Amesema kweli. Nimemwachia ufunguo wa kontena juu ya meza yake.

Kisima kinaendelea kunywa tope. Tumevuka mawe mengine mawili ya aina ileile, safari hii hakuna aliyedanganyika. Ila yaliyomo kwenye hizo nyufa hatujui. Yanaweza kuwa mafuta, yanaweza kuwa maji ya chumvi yaliyopitiwa na mafuta zamani yakaacha doa tu. Watafungua wateke na kupima wiki ijayo. Nyundo alinisindikiza hadi kwenye lori.

"Utaondoka hujui?"

"Utaniandikia."

"Mimi? Mama Mawe, sijaandika barua tangu nizaliwe."

"Anza na salamu," nikamwambia. "Yatakayobaki yatakuja yenyewe."

Akacheka, halafu akanipa mkono, akageuka haraka.

Wewe hujaiba kitu. Mtu akiamkiwa ataitikia, na aliyeamkia amepata alichokitaka. Endelea kumwitikia. Mimi nikifika asiponijua, nitakuwa nani atakavyo, mpishi, mpangaji, mwanamke anayejua mawe. Usimwambie nakuja, usimchoshe kwa kungoja tena. Sare ya shule kama imebana, mpelekee fundi aiachie pindo. Mlangoni nitakaa mimi.

Safari ya lori ni ndefu na barua hii naituma na gari dogo linalotangulia, kwa hiyo itanipita njiani. Usiijibu. Haitanikuta huku.

Mama yako mdogo.